Wiki Niliyobadili Oili ya Giaboksi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Jana gari limenidhalilisha mbele ya ukoo. Mlima wa kwenda kwa mama mkwe, kona ya tatu, tumejaa watu saba: mimi, mke wangu, watoto watatu, shemeji na mkewe. Injini inanguruma, magurudumu hayana habari. Likasimama kwanza, likafikiri, kisha likaanza kurudi nyuma pole pole. Watu sita wakateremka. Mimi peke yangu nikapanda nalo kwa mwendo wa mgonjwa anayesindikizwa. Shemeji alitembea kando ya dirisha langu mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma, akinishauri.

Leo asubuhi mke wangu ametoa hukumu. Jumapili ijayo tunapanda tena, watu walewale. Gari likifika juu bila mtu kuteremka, linabaki kwetu. Likishindwa, kaka yake analichukua, anatupa jingine dogo. Shemeji anafuga kuku. Ameshaeleza mipango yake, tena mezani kwangu, mdomo umejaa chakula changu: atang'oa viti vyote vya nyuma apange trei za mayai mpaka juu kwenye paa.

Viti vya nyuma. Hili sijamwambia mtu. Kila siku nikitoka kazini nasimamisha gari uchochoroni, hatua hamsini kabla ya lango letu, nazima injini, nahamia kiti cha nyuma kabisa upande wa kushoto. Dakika ishirini. Nyumbani wanajua nimekwama kwenye foleni. Jua la alasiri linaingia kwa kioo cha nyuma, linapita katikati ya vumbi, linanilalia magotini. Hapo mimi si karani wa masijala, si baba wa mtu, si mkwe wa mtu. Nafunga macho nasikia barabara ikipita chini yangu, na gari halijasogea. Nalipenda gari lile kuliko inavyofaa mtu mzima.

Shemeji anasema ugonjwa ni oili ya giaboksi, kwamba tangu tulinunue haijabadilishwa. Basi nitaibadilisha. Mimi mwenyewe. Nikimpelekea fundi, litakuwa gari lililoponywa na fundi. Nikiliponya mimi, nani atathubutu kulitia mkono?

Nimemwambia mke wangu aniachie. Kauliza aniachie nini. Nikamwambia aniachie tu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimekwenda kazini na kitabu cha gari. Nimekisoma siku nzima ndani ya faili la mtu aliyeomba uhamisho. Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja: ujazo wa oili ya giaboksi ni lita nane. Nimepigia mstari. Mimi nina miaka kumi na tisa masijala, na najua kwamba jambo likishachapwa limekwisha. Watu husema hili na lile, karatasi haibadili maneno.

Jioni nikafungua boneti. Nikavuta kijiti cha kupimia oili. Nyeusi ti. Moyo ukaniuma. Nikasimama pale nimekishika, naifikiria giaboksi, miaka yote hii inafanya kazi gizani na tope kama hilo mwilini, haijalalamika mpaka juzi. Nusura nitoe chozi.

Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Akapita na kusema kile ni kijiti cha injini. Cha giaboksi kiko kule nyuma zaidi, chenye mpini mwekundu. Nikamuuliza kajuaje. Anasema fundi alimwonyesha mwaka juzi, siku ile mimi nilipokuwa namweleza fundi namna ya kushika spana.

Nikajifanya nilikuwa naanza na cha injini makusudi, kwa kulinganisha.

Cha giaboksi nikakivuta. Injini imezimwa, baridi kabisa. Oili imepita alama zote, imepanda mpaka nusu ya kijiti. Rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Harufu ya mkate ulioungua. Nikatafakari: kama imejaa hivi, basi shida si upungufu, ni uzee. Inahitaji damu mpya. Uchunguzi umekamilika, na sikuhitaji mtu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimepita kwa fundi. Sikumwendea, nimepita. Huyu tunamwita Fundi Polepole, maana hata salamu yake huanza saa tatu ikamalizika saa nne. Nikamwambia kuna mwenzangu kazini ana gari la viti saba, giaboksi inateleza mlimani, anataka kubadili oili mwenyewe. Akaniuliza kama huyo mwenzangu naye ana bonyeo kwenye mlango wa kushoto. Nikakausha.

Akanipa mambo matano ya kumfikishia. La kwanza, oili ya giaboksi haipimwi gari likiwa baridi. Liendeshwe kwanza mpaka lipate moto, lisimame pahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma, vinginevyo kijiti kinadanganya. La pili, akanyage breki, apitishe mkono wa gia kila mahali, kila gia aiache ipumue kidogo, kisha airudishe pa kuegeshea. La tatu, kijiti kifutwe kwa kitambaa kisicho na nyuzi. La nne, sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, ikifunguliwa, filta na gasketi vibadilishwe, asione uvivu.

Alipofika la tano kulikuwa na dimbwi la oili sakafuni, jua limelipiga, rangi zote zinatembea juu yake, zambarau inamezwa na kijani, kijani inamezwa na sijui nini. Nilikuwa nimeshakwenda zangu. Niliporudi fundi alikuwa ananiuliza kama nimeelewa. Nikasema barabara. Manne kati ya matano si haba, shuleni sikuwahi kufikia hapo.

Aliongeza kwamba yeye kesho anasafiri, atarudi Jumanne. Nikashusha pumzi. Hakuna wa kunichungulia.

Nimenunua filta na gasketi, na oili galoni mbili za lita nne nne. Nane kamili. Nimezificha chini ya kiti cha nyuma. Moja niliifungua kidogo kwenye jua. Oili mpya ni nyekundu, inang'aa, mtu angeweza kudhani ni kitu cha kunywa siku ya furaha.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimepima upya, safari hii kwa kanuni. Nimeendesha mpaka likapata moto, nimerudi uchochoroni, injini inaunguruma. Mkono wa gia nikaupitisha pole pole. Kila gia ikiingia gari linashtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa bega usingizini. Kuegesha, kurudi nyuma, huru, mbele. Nikarudia mara ya pili kwa raha tu. Mara ya tatu sikuwa tena uchochoroni, nilikuwa kwenye barabara ndefu yenye miti pande zote, na hakuna aliyekuwa ananisubiri popote.

Kijiti sasa kinasema oili iko chini ya alama. Jumanne ilikuwa juu, leo iko chini. Nimeamua kutojali. Ikitoka yote na ikiingia yote, ya jana hayana maana.

Saa kumi na moja kaja shemeji. Ana tepu ya kupimia. Hakubisha hodi, kaenda moja kwa moja kwenye gari akafungua mlango wa nyuma. Bahati mbaya mimi nilikuwa ndani, kiti cha nyuma kabisa, upande wa kushoto. Akanisalimu vizuri tu, akaniomba nipishe. Nikamwambia nimechoka. Akapima akinizunguka: kutoka goti langu mpaka dirishani, kutoka kisogoni mpaka paa. Akaandika kiganjani. Akasema zitaingia trei arobaini, na mimi nikitoka arobaini na sita.

Huyu mtu ananikata maini, na bado nikimwona lazima nicheke naye kwa sababu ni kaka yake mke wangu. Ndivyo nilivyofanya. Nimecheka mpaka mashavu yakauma.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Masijala. Nimegonga muhuri wa kupokelewa kwenye karatasi ya mtu aliyekuwa anaaga. Mkuu kaniuliza niko wapi. Nikasema niko hapa, na haikuwa kweli, nilikuwa chini ya gari. Kesho ndiyo siku.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Asubuhi: Kila kitu kiko tayari. Jeki. Magogo mawili ya kukingia, maana siamini jeki. Spana za kuazima. Mkeka wa kulalia. Beseni la mke wangu, lile jeupe kubwa la nguo. Yuko sokoni, litakuwa limerudi mahali pake kabla hajashika komeo la lango.

Nikalipasha gari moto, nikalinyanyua, nikaingia chini. Nati ya kumwagia ilikuwa imeshika kwelikweli. Nikajikaza kisabuni mpaka ikaachia. Oili ikaanza kushuka. Kwanza kwa fujo, halafu ikatulia ikawa uzi mmoja mrefu, mweusi, usiokatika, unatoa sauti ndogo sana ndani ya beseni. Nikatoka chini ya gari, nikajinyoosha juu ya mkeka kando ya gurudumu, niutazame. Kuna upepo mzuri. Nikawaza: hizi ni safari zetu zote zinashuka. Safari ya kumleta mtoto wa mwisho kutoka hospitali, mama yake kakaa nyuma anamwimbia. Safari ya baharini, tulipofika mvua ikanyesha tukala ndani ya gari vioo vimejaa mvuke. Zote zinapita kwenye uzi ule, moja baada ya nyingine, hazina haraka.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehama. Beseni halipo.

Nikachungulia uani kwa jirani. Jirani yetu ni mzee mstaafu, anapambana na mchwa. Nguzo zake za uzio zote kumi na mbili zinameta, na yeye ana brashi mkononi, beseni la mke wangu liko miguuni pake, tupu. Akanishukuru sana. Anasema alinisalimu, akaomba oili chafu, nikamjibu, "Chukua tu, mzee wangu." Inawezekana. Nikiwa usingizini nina ukarimu mwingi.

Mchana: Sampu nimeifungua, filta imeingia. Gasketi imekaa. Nati nimeikaza. Nikashusha gari, nikatia faneli kwenye bomba la kijiti, nikaanza kumimina. Galoni ya kwanza ilikwenda bila maneno. Galoni ya pili giaboksi ikaanza kusitasita. Nikaibembeleza. Nikaiambia ni yako yote, hakuna anayekunyang'anya. Lita ya mwisho ikasimama ndani ya faneli, haishuki, haipandi. Nikangoja. Miaka kumi na tisa masijala, kungoja ndiyo kazi niliyosomea. Ikaisha. Lita nane, kama ilivyoandikwa.

Kijiti nikakivuta: chekundu mpaka kwenye mpini. Nimefurahi sana. Nimesimama pale na kijiti changu, nikaliona lile gari likipanda mlima peke yake, milango wazi, mawingu yanaingia upande huu na kutokea upande ule.

Jioni: Majaribio. Mwanzo wa uchochoro laini kabisa. Katikati likaanza kuguna. Mwisho wa uchochoro likatoa moshi, halafu harufu, halafu povu jekundu likaanza kudondoka chini mfululizo. Nikabadili gia, haikubadilika. Nikakanyaga mafuta, likalia likabaki palepale. Shemeji alikuwa anapita, maana shemeji hupita siku zote. Akauliza kama ni damu.

Tumelisukuma mpaka nyumbani, mimi, mke wangu, shemeji na watoto. Nyuma yetu mstari mwekundu. Mke wangu kampigia Fundi Polepole huko aliko, akaweka simu kwa sauti ili nami nisikie. Fundi aliuliza jambo moja tu: alitoa kiasi gani?

Hilo ndilo lilikuwa la tano. Kinachotoka kipimwe, maana kiasi hichohicho ndicho cha kurudisha. Ukifungua nati haitoki yote. Zaidi ya nusu hubaki imejificha ndani ya giaboksi na kwenye mabomba yake. Nane ni ya giaboksi kavu, inayotoka kiwandani. Mimi nimeishindilia, na oili ikizidi inapigwa povu, na povu halisukumi gari. Fundi anasema tuiache ilale usiku, povu litulie, kesho tumwage tena yote inayomwagika, turudishe kiasi kile cha kwanza, kisha tuongeze kidogo kidogo mpaka alama. Akauliza tena kile cha kwanza kilikuwa kiasi gani.

Macho yote kwangu. Nikasema nguzo kumi na mbili.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimeamka alfajiri na maji shingoni. Kitanda upande wa pili kitupu. Nikatoka. Mke wangu yuko uani, amefunga kitambaa kichwani, amechuchumaa mbele ya beseni lake jeupe. Nikajiandaa kusemwa. Hakunisema. Akanionyesha kwa kidole: ndani ya beseni kuna pete nyeusi imezunguka, pale oili ilipofikia kabla jirani hajaanza kuichota. Ana jagi la lita moja. Anamimina maji, anahesabu. Maji yakaifikia pete kwenye lita tatu na nusu.

Nikamwambia hata mimi nilikuwa nawaza njia hiyo. Akanipa tochi nishike.

Akaingia chini yeye. Mimi napokea spana, napitisha spana. Oili nyekundu ikashuka, nyingi, haina mwisho. Akiwa kule chini akaniuliza, sauti inatokea kwenye chuma, kwa nini ninalitaka hili gari namna hii, na kaka yake angetupa jingine dogo lenye afya. Nikataka kusema habari za nafasi na mizigo. Nikashindwa. Nikamwambia ukweli: kiti cha nyuma. Uchochoro. Dakika ishirini. Nikamwambia foleni hakuna, haijawahi kuwapo.

Akasema anajua. Ukisimama kwenye dirisha la jikoni unauona uchochoro wote. Analijua hilo miaka minne sasa. Akiniona nimehamia nyuma ndipo anapobandika chakula, na nikiingia ndani kinakuwa kimeiva.

Nimeoa mtu mkubwa kuliko nilivyojua. Niliona haya na nikaona raha, vyote kwa pamoja. Tochi ikawa inamulika gurudumu, akaniambia nimulike nati.

Tatu na nusu zikaingia. Gari likapashwa moto, gia zikapitishwa, kijiti kikafutwa. Tukaongeza nusu lita kwa matone. Oili ikasimama katikati ya alama mbili, nyekundu, haina povu.

Saa nne tukaondoka, watu saba. Shemeji kakaa mbele, tepu mfukoni, naiona inavyofura. Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili, sawa. Kona ya tatu nilikuwa nimeuinamia usukani. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma kabisa, upande wa kushoto. Nilimwona kwenye kioo, amefunga macho. Giaboksi ikashusha gia moja, ikavuta pumzi, tukapanda. Hapakuwa na kishindo. Mlima ulitupisha ukabaki nyuma, na sekunde chache sikusikia watoto wala injini, nilisikia upepo tu. Mama mkwe alikuwa amesimama juu langoni na viti sita vya kutupumzishia, akidhani tunapanda kwa miguu.

Hakuteremka mtu. Shemeji aliitoa tepu mfukoni akampa mtoto wangu achezee. Akaniuliza ni nani aliyeitengeneza ile giaboksi. Nikamtazama mke wangu. Yeye alikuwa anatazama miti. Nikasema ni kazi ya mikono tu, bwana, ukitulia unaweza. Mke wangu hakunikanusha. Akaingia kumsaidia mama yake.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimekaa kazini nimelitafakari suala zima kwa utulivu. Kosa lilikuwa la jirani. Asingebeba beseni, mambo yangekwenda barabara. Na kitabu hakikukosea; ni giaboksi yetu iliyokuwa haijazoea kushiba. Masijala wote nimewaeleza nilivyofanya. Wawili waliandika.

Alasiri shemeji kanifuata mpaka uchochoroni. Mara hii kabisha hodi kwenye kioo, kaomba aingie, kakaa kiti cha katikati, adabu tupu. Anasema pikapu yake ya mayai imeanza kuteleza mlimani, na fundi harudi mpaka kesho, naye keshokutwa alfajiri ana trei mia moja za kupeleka. Anasema wiki nzima alinidharau bila sababu. Anasema mikono kama yangu ni adimu. Miaka kumi na minne nimeisubiri sentensi hiyo. Kama angeniomba figo wakati ule ningempa.

Akaniachia funguo, akaenda zake kwa miguu.

Pikapu yake ninayo sasa hivi, nimekaa usukanini, jua linazama kwenye vioo. Ni gari jema. Linanisikiliza. Kitabu chake kimo humu ndani na nimeshakisoma: lita tisa na robo. Nimenunua kumi, za kutosha kabisa. Beseni safari hii sihitaji, nitachimba shimo dogo, oili ishukie humo ipotee, jirani asije akanisumbua tena. Nitaanza kesho saa kumi na mbili asubuhi, fundi atakaporudi akute kazi imekwisha.

Mke wangu sijamwambia. Ana mengi, na jana alichoka sana. Atafurahi nikishamaliza.